Dakika Tano za Jumapili

Orrin Lemke alifungua kifuniko cha oili, akakigeuza, akakitazama upande wa ndani, kisha akakirudisha mahali pake taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Akapangusa mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe. Halafu akakifungua tena. Macho ya mtu wa miaka sitini na nane yana ruhusa ya kukosea mara moja kabla ya kahawa.

Hayakuwa yamekosea. Pale panapotakiwa kuwa na utando mwembamba wa oili, safi, wa rangi ya asali, palikuwa na uji. Uji mzito, wa rangi ya chai ya maziwa, umegandamana kwenye kifuniko na ndani ya mdomo wa injini. Aliuchota kwa kidole cha shahada, akausugua kwa dole gumba. Ulikuwa na maji.

"Vipi huko?" akauliza Dewey Kleist.

Dewey hakuwa mfanyakazi wa gereji wala mteja. Alikuwa dereva mstaafu wa lori la maziwa ambaye mkewe hakutaka kumwona nyumbani kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo kila siku ya Mungu alikuja kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango, akala donati, akatoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba.

"Hakuna kitu," akasema Orrin.

"Hakuna kitu, na sura yako imekuwa ya msibani." Dewey akainuka na donati yake, akaja kuchungulia. "Lo! Gasketi hiyo, mzee. Maji yameingia kwenye oili. Mwenye gari kaenda Novemba, gari nalo linamfuata Mei."

"Funga mdomo, Dewey."

"Nimefunga. Nilikuwa nasema tu."

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la viti viwili, la kijani kilichokolea, refu mbele na fupi nyuma, lenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Watu wengi wenye magari ya namna hiyo huyatoa siku ya jua, wakayapeleka hadi duka la aiskrimu, wakayarudisha chini ya shuka. Wendell Boehm alikwenda nalo kazini. Alikuwa fundi piano, mtu wa kuzirudishia sauti piano za makanisa na za shule, na zile za akina bibi wa mashambani ambao wajukuu wao hawazigusi. Kwa miaka thelathini na moja alizunguka nusu ya Wisconsin kwa gari lile, mkoba wa vyombo vyake umefungwa mkanda kwenye kiti cha abiria kama vile ni mke. Alipofariki, mita ilisoma maili laki tatu na tisini na tisa elfu, mia mbili na kumi na nne. Injini ilikuwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani, na haikuwahi kushushwa hata siku moja. Zilibaki maili mia saba themanini na sita kutimia laki nne, na Wendell alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba siku hiyo kila mtu atakula soseji kwa gharama yake.

Jana jioni mjane wake, Marlys, alilileta mwenyewe, maili mbili kutoka nyumbani, baada ya mvua za wiki nzima kuosha chumvi yote barabarani. Alimpa Orrin ufunguo na kusema mambo mawili. La kwanza, kuna kitu kinagonga huko ndani, tik tik tik, kama saa ya ukutani. La pili, zile maili zilizobaki anataka kuzimaliza yeye, kiangazi hiki hiki, na mtu asimwambie habari za kuuza.

Orrin alisema sawa. Alidhani ni valvu imelegea kidogo tu.

Sasa alisimama mbele ya boneti iliyo wazi na uji kwenye kidole. Akafungua kifuniko cha radieta. Maji yalikuwa yamejaa hadi mdomoni, ya kijani, safi, bila hata jicho moja la mafuta juu yake. Kwa hiyo si gasketi, ule utando mgumu unaotenganisha maji na oili. Gasketi ingekuwa nafuu. Gasketi ni ya mtu yeyote, hukatika yenyewe, na hakuna wa kulaumiwa.

"Maji yapo yote," Dewey akasema, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu. "Sasa haya mengine yametoka wapi?"

Orrin alijua yametoka wapi. Alijua na tarehe.

Huko kwao chumvi humwagwa barabarani tangu theluji ya kwanza hadi Aprili, na chumvi hula gari. Ndiyo maana gari kama lile hulazwa. Linawekewa oili mpya, tangi linajazwa, betri inatolewa, soksi kuukuu zinasokomezwa kwenye bomba la moshi panya wasifanye makazi, kisha linaachwa. Haliguswi miezi mitano. Na kosa wanalofanya watu, tena wale hasa wanaolipenda gari, ni kwenda kuliwasha. Dakika tano tu, wanasema, lipate joto kidogo. Dakika tano hazilipi joto, zinalitoa jasho. Mvuke unajikusanya ndani ya vyuma vya baridi, unageuka maji, unakaa humo wiki nzima, na wiki inayofuata unaongezewa mwingine. Orrin alikuwa amewafokea watu kwa kosa hilo miaka arobaini. Daktari mmoja wa meno aliwahi kutoka gerejini kwake bila kuaga.

Na Orrin huyo huyo, siku ya mazishi ya Wendell, chini ya kanisa, katika ule ukumbi wa dari fupi unaonuka kahawa, alisimama na sahani ya karatasi mkononi mbele ya Marlys. Marlys aliuliza, "Na gari je, Orrin? Nifanye nini na gari?" Alikuwa na macho makavu kabisa, na hilo ndilo lililomvunja Orrin nguvu. Alitafuta neno jema la kumpa mjane, akaambulia hili: "Liwashe kila Jumapili, Marlys. Kidogo tu. Lisijione limeachwa."

Maneno matamu. Yangefaa kuandikwa kwenye kadi ya rambirambi. Kesho yake alikumbuka kidogo, akajiambia kwamba Marlys hakuwa anasikiliza, kwamba siku ile hakuna mtu aliyemsikiliza mwenzake. Akaacha. Baridi nzima hakumpigia simu hata mara moja, kwa kuwa hakujua angemwambia nini.

Marlys alikuwa anasikiliza.

Orrin aliliinua gari kwa jeki, akaingiza karai chini yake, akafungua nati ya oili. Kwanza yalitoka maji, kama nusu kikombe, ya rangi ya kutu. Halafu ikafuata oili, nyepesi, imefifia, inanuka petroli. Aliitazama ikishuka mpaka tone la mwisho. Kabla halijaanguka karaini alilikinga kwa kadi nyeupe.

Hiyo ilikuwa desturi yake na Wendell. Juu ya kabati la spana kulikuwa na sanduku la sigara, na ndani yake kadi mia moja thelathini na tatu, kila moja na tone moja na tarehe. Kila maili elfu tatu, iwe mvua iwe jua, Wendell alifika Jumamosi saa mbili asubuhi, injini bado ya moto. Orrin alimwaga oili, akadondosha tone kwenye kadi, wakaisubiri wawili hao huku wakinywa kahawa. Tone lenye afya hutanuka likawa duara, katikati jeusi kidogo, pembeni angavu. Lenye maji huchanika kingo kama karatasi iliyotafunwa na panya. Katika kadi zote zile hakukuwa na hata moja iliyotafunwa. Orrin hakuwa na mke wala mtoto, aliendesha pikapu yenye mlango wa rangi tofauti, na kibao cha gereji yake kilikuwa kimefutika hata wageni wakidhani ni ghala. Lakini alikuwa na kadi zile. Hakuwahi kumwonyesha mtu, na hakuna siku aliyopita kwenye kabati lile bila kuzikumbuka.

Tone la leo lilitanuka kwa shida, likachanika pande zote.

"Kumbe mwanamke alikuwa analiwasha," Dewey akasema taratibu. Naye alikuwa dereva, hakuhitaji kufundishwa. "Baridi nzima. Nani alimshauri upuuzi huo?"

"Mimi."

Dewey alitafuna donati, akameza, akaipangusa sukari midomoni.

"Sikiliza, mzee. Maili laki nne. Injini ya miaka thelathini na moja! Mwambie ni uzee. Nani atakubishia? Hata mimi magoti yangu yanagonga, na hakuna aliyeniwasha Jumapili."

Orrin hakucheka. Alikuwa ameshaanza kulegeza bolti za kifuniko cha juu cha injini, moja moja, kutoka katikati kwenda pembeni kama inavyotakiwa. Lakini neno lile lilimwingia, kwa sababu lilikuwa zuri. Uzee. Lingetosha. Marlys angeitikia kwa kichwa, angesema Wendell naye alikuwa mzee, na kila mmoja angeondoka na heshima yake. Kwa muda wa bolti nne hivi, Orrin alikuwa ameamua kusema uzee.

Kifuniko kilitoka. Chini yake ililala kamshafti, chuma kirefu kilichonyooka, na juu yake vinundu kumi na viwili vinavyosukuma valvu kwa zamu. Mwaka juzi vilikuwa vinang'aa kiasi cha mtu kujiona. Leo vilikuwa na rangi ya kikombe kilichokauka na chai.

Kutu. Lakini kutu ina mambo mawili: kuna inayopaka na kuna inayokula. Macho hayawezi kuzitofautisha. Ukucha unaweza.

Alichukua kitambaa laini na oili safi, akasugua kinundu cha kwanza hadi wekundu ukatoka kwenye kitambaa. Kisha akafumba macho, akapitisha ukucha wa kidole cha shahada juu ya mgongo wa chuma. Ukipita kama juu ya kioo, kimepona. Ukinasa, kimeliwa, na kilicholiwa hakisuguliki kikarudi.

Kinundu cha kwanza, ukucha ukateleza. Cha pili, ukateleza. Dewey alikuwa amesogea mpaka Orrin akasikia harufu ya mdalasini.

"Vipi?"

"Ngoja."

Cha tatu. Cha nne. Cha tano alikirudia mara mbili kwa woga tu. Cha sita, cha saba. Jasho lilikuwa limemtoka mgongoni na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Cha nane. Cha tisa, ukucha ukanasa.

Akaurudisha nyuma, akaupitisha tena. Ukanasa pale pale, kishimo kidogo kama tundu la sindano na kingine kando yake. Orrin aliacha kidole chake kikae hapo. Alihisi aibu kali ikimpanda hadi masikioni, aibu ya aina ambayo hakuwa ameionja tangu akiwa mwanafunzi wa ufundi.

Cha kumi, cha kumi na moja na cha kumi na mbili viliteleza.

Kichungi cha oili alikikata kwa mkasi wa bati, akaitandaza karatasi yake yenye mikunjo juani kwenye dirisha, akapitisha sumaku. Ilitoka na vumbi la kijivu, kidogo, laini. Hakukuwa na chembe za chuma zinazometa. Beringi zilikuwa hai. Moyo ulikuwa mzima. Lililopotea ni jino moja.

Marlys aliingia saa tano na nusu na mfuko wa karatasi uliolowa mafuta. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe na kuendesha trekta kabla hajajua kusoma. Alivaa koti la Wendell.

"Soseji," akasema. "Mbili mbili kwenye kila mkate, vitunguu na haradali. Dewey, nilijua utakuwepo, nimekuletea na wewe. Usimwambie mkeo."

"Mimi siku hizi ananihesabia pumzi," Dewey akasema, na mkono ukiwa tayari ndani ya mfuko wa soseji.

Walikula wamesimama. Marlys alitazama injini iliyofunuliwa, akatazama kitambaa chenye wekundu, akaitazama kadi iliyotafunwa juu ya meza. Orrin aliacha kula. Akauweka mkate chini.

"Marlys."

"Sema."

Dewey alikohoa. Kilikuwa kikohozi chenye ujumbe kabisa. Kilisema uzee, mzee, uzee.

"Injini imeharibika kidogo," Orrin akasema, "na aliyeiharibu ni mimi."

"Wewe? Hukuigusa tangu Oktoba."

"Kwa mdomo. Siku ile ya mazishi uliniuliza ufanye nini na gari, nikakwambia uliwashe kila Jumapili. Shemeji, yale hayakuwa maneno ya fundi. Mteja mwingine angeniambia anafanya hivyo ningemfukuza. Nilikuwa sina la kukwambia, na wewe umesimama pale bila chozi, nikasema la kwanza lililonijia. Ukalifuata. Maji yameingia, yakala chuma. Wendell kaitunza miaka thelathini na moja, mimi nikaiharibu kwa sentensi moja." Akaongeza kwa haraka, "Na nilikumbuka kesho yake. Ningeweza kukupigia simu. Sikupiga."

Marlys aliendelea kutafuna. Alimaliza kipande alichokuwa nacho mdomoni, akajifuta vidole.

"Kumi na tisa," akasema.

"Nini?"

"Jumapili zenyewe. Zingekuwa ishirini, lakini moja nilikuwa na homa."

Alikwenda kwenye gari, akafungua kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria, akatoa daftari la Wendell. Orrin alilijua daftari lile kuliko Biblia yake. Lilikuwa limepita mikononi mwake mara mia moja thelathini na tatu: tarehe, maili, oili, plagi, mkanda, yote kwa penseli na mwandiko mdogo ulionyooka. Lakini siku zote alilifungua kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Marlys alilifungua ukurasa wa kwanza kabisa, akamkabidhi.

Zilikuwa kanuni saba. Usiikimbize kabla oili haijapata moto. Ukifika, ngoja dakika moja kabla ya kuizima. Sikiliza kila asubuhi. Na ya nne ilikuwa hii: *Baridi, usiwashe. Hata dakika moja. Hata ukiwa na hamu nayo.*

Orrin aliisoma mara mbili.

"Ulijua," akasema.

"Tangu Jumapili ya pili. Nililichukua niandike tarehe, kama yeye anavyofanya, nikaona. Yeye na kanuni zake! Hata friji aliliandikia kanuni."

"Sasa, kama ulijua..."

"Niliwasha kwa sababu wewe ulishaniambia niwashe." Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa na ruhusa ya fundi, Orrin. Unajua nyumba ya fundi piano ilivyo? Miaka arobaini na miwili mtu anapiga noti moja tu, ile ile, mara mia, mpaka ninatamani kumtupia sufuria. Halafu siku moja kimya. Piano ipo sebuleni, lakini nikiigusa inatoa sauti yangu mimi. Gari lilikuwa linatoa sauti yake. Nilikuwa nafungua mlango wa banda, nawasha, nasimama mlangoni na koti. Dakika tano. Kama yumo humo anatafuta glavu zake." Alikunja mfuko wa karatasi, akaukunja tena hadi ukawa mdogo. "Nilijua naliumiza. Kila Jumapili nilijua. Nikisoma kanuni ya nne nakumbuka neno lako, naona afadhali neno lako."

Dewey alitazama saa yake, ambayo haikuwa imefika hata saa sita kasoro robo, akasema mkewe lazima anamtafuta, akachukua mkate wake na kuondoka kwa ncha za viatu. Kwa Dewey, huo ulikuwa ungwana mkubwa.

Macho ya Marlys sasa hayakuwa makavu. Hakuyafuta. Orrin alipangusa spana iliyokuwa safi.

"Basi tugawane," Marlys akasema mwishowe. "Nusu yako, nusu yangu. Haya, niambie kama litaishi."

Orrin alimwita karibu, akamshika kidole, akakipitisha kwenye kinundu cha nane, kisha cha tisa. "Umesikia?"

"Hapo pananasa."

"Ndiyo tik tik yako. Kumi na moja vizima, kimoja kimeliwa. Beringi nzima, silinda nzima. Naweza kuitoa kamshafti yote nikatafuta nyingine. Itanichukua wiki sita, labda nane, hazipatikani kirahisi. Itanyamaza kama zamani."

"Au?"

"Au tuisafishe, tumwage oili mara tatu upesi upesi mpaka tone lirudi zuri, uende nayo hivyo hivyo. Itakwenda. Nakuapia itakwenda. Ila itagonga, Marlys. Itagonga mpaka siku yake ya mwisho. Wendell asingeivumilia sauti hiyo."

Marlys alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Wendell alikaa kando yangu kanisani miaka arobaini na miwili nikiimba. Mtu mwenye sikio lile! Hakuna sauti asiyoweza kuivumilia. Acha igonge."

Ilimchukua Orrin mpaka saa nane na nusu. Alisugua vinundu vyote kimoja baada ya kingine, akavipaka oili, akarudisha kifuniko na gasketi yake mpya, akafunga bolti kutoka katikati kwenda pembeni. Kichungi kipya alikijaza oili kwanza kabla ya kukifunga, vyuma visikauke hata sekunde moja, kisha akamimina oili mpya. Marlys alikaa kwenye ndoo ya Dewey akimshikia taa pale alipoambiwa, na pale asipoambiwa alikaa tu.

"Kaa kwenye usukani," Orrin akasema.

"Mimi? Na wewe?"

"Mimi ndiye mkoba wa vyombo."

Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza. Tik tik tik, kwa juu, upande wa kulia, na chini yake ile ngurumo ya zamani, nene, ya sawasawa. Marlys alisubiri hadi ilipotulia, akatia gia, akatoka.

Alikwenda taratibu. Walipita makaburi, wakapita maghala ya mahindi, wakashika barabara ya kaunti inayozunguka mashamba ambayo bado yalikuwa meusi, yamelimwa, hayajapandwa. Wote wawili walikuwa wanatazama kitu kimoja, sindano ya joto la oili. Ilikaa chini kabisa maili ya kwanza. Maili ya nne ikajitikisa. Trekta moja liliwapita upande wa pili, dereva akawapungia, na Marlys akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani bila kuyaondoa macho kwenye sindano.

"Bado?"

"Bado. Usiikimbize."

"Sijaikimbiza, bwana. Kanuni ya kwanza."

Maili ya kumi na moja sindano ikafika katikati, ikasimama. Orrin akasema, "Sasa." Marlys akakanyaga. Gari lile la maili laki nne kasoro lilijikusanya chini yao likaondoka, mlima wote, shule ya zamani ikabaki nyuma, na kule kugonga kukapanda nalo, kukawa kwa haraka hadi kukachanganyika na sauti nyingine zote kusitenganike tena. Marlys alikuwa ameng'ata mdomo wa chini. Orrin alifungua dirisha, mvuke uliobaki kwenye injini ukafukuzwa na joto ukaenda zake, na harufu ya samadi ikawajaa garini, wala hakuna aliyelalamika.

Walirudi kupitia mbali. Alipoingia gerejini, Marlys hakuzima. Alihesabu dakika moja kwa midomo, bila sauti, akitazama mbele. Kisha akageuza ufunguo.

Orrin alishuka kwa magoti yake mabovu, akavuta kijiti cha oili, akadondosha tone kwenye kadi mpya, akarudi nayo kukaa kwenye kiti cha abiria. Aliiweka juu ya dashibodi. Marlys alikuwa amelifungua daftari magotini, kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Chini ya mwandiko mdogo ulionyooka wa Wendell zilipangwa tarehe kumi na tisa kwa mkono wake yeye, kila moja na neno lile lile: *dakika 5*. Aliandika tarehe ya leo. Akatazama mita, akaandika maili. Akafikiri, akaongeza: *saa nzima*.

"Orrin."

"Naam."

"Novemba uje unilazie gari. Wewe mwenyewe. Oili, soksi, kila kitu."

"Nitakuja."

"Na betri ukiitoa, ondoka nayo. Usiniachie bandani. Usiniambie umeiweka wapi."

"Nitaondoka nayo," Orrin akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshajifunza gharama ya maneno mazuri, akafikiri kidogo kabla ya kuongeza. "Lakini Jumapili nitakuwa napita. Si kwa ajili ya gari."

Marlys alifunga daftari na kuliweka mapajani, mikono juu yake. Hakuna aliyefungua mlango. Chini ya boneti vyuma vilikuwa vinapoa, vinatoa vilio vyao vidogo, kimoja, kisha kingine, vikiachana zaidi na zaidi, na juu ya dashibodi tone lilikuwa bado linatanuka kwenye kadi, upande mmoja kingo zimechanika, upande wa pili limeanza kuwa duara.